Kontena Likishuka Nchi Kavu

Anayenunua kontena lililotumika ili aliweke uani kwake au nyuma ya karakana yake, mara nyingi ananunua dawa ya wizi. Hesabu yake ni nyepesi. Ukuta wa chuma hautobolewi usiku bila mtaa mzima kuamka, milango yake miwili ina fito nne za kufungia, na kufuli moja zito linafanya kazi ambayo katika stoo ya mbao na mabati ingehitaji mlinzi. Juu ya hayo, kontena linakuja siku moja, halisubiri matofali wala fundi mwashi, na siku ya kuhama linabebwa. Hesabu hiyo ni sahihi na sina nia ya kuibishia. Ninachobisha ni kuishia hapo, kwa sababu kule kubana kunakomzuia mwizi asiingie ndiko kunakouzuia unyevu usitoke, na mali iliyowekwa humo kwa miezi inaweza kuharibika yote bila kufuli kuguswa. Anayetaka kutumia kontena kama stoo anapaswa kujiuliza kwanza anaweka nini, atafungua mlango mara ngapi, na kontena lenyewe litakaa pale kwa muda gani. Bei ya sanduku ni swali la nne, ingawa ndilo linaloulizwa kwanza.

Tukitaka kuelewa kwa nini, tuangalie sanduku hili liliundwa kwa kazi gani. Tarehe 26 Aprili 1956 meli iitwayo Ideal X iliondoka bandari ya Newark, Marekani, kwenda Houston ikiwa na masanduku 58 ya mfanyabiashara wa malori, Malcom McLean. Kabla ya hapo makuli walipakia shehena gunia kwa gunia na pipa kwa pipa. Kufikia 1968 Shirika la Kimataifa la Viwango lilikuwa limeanza kutoa vipimo vya pamoja, na ndiyo maana kontena la futi 20 lililoshushwa Tanga linalingana na lililoshushwa Mombasa au Hamburg: urefu wa nje mita 6.058, upana 2.438, kimo 2.591, na ndani mita za ujazo zipatazo 33. Kuta zake ni bati la chuma lililokunjwa mawimbi, unene wa milimita mbili hivi au pungufu yake. Uzito wote unabebwa na nguzo nne za pembeni, na sakafu ni plaiwudi nene ya milimita 28. Kila kipimo hapo kinajibu mahitaji ya safari: kupangwa juu ya jingine, kunyanyuliwa kwa winchi, kupigwa na maji ya chumvi bila kuvujisha, na baada ya wiki kadhaa kufunguliwa na kumwagwa. Hakuna mahali lilipoundwa kukaa miaka sita chini ya mwembe, limejaa magodoro na mahindi, likifunguliwa mara moja kwa mwezi.

Sasa tuje kwenye maji. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa iliyopoa. Kwa nyuzi 30 za Selsiasi, mita moja ya ujazo inaweza kushika gramu 30 hivi za maji. Kwa nyuzi 22 haiwezi kuzidi gramu 19 na kidogo. Mchana jua likipiga paa la chuma, hewa ya ndani hupanda joto na kunyonya mvuke kutoka kila kilichomo. Usiku mambo hugeuka, na hapa chuma kina tabia ambayo nyasi, makuti na vigae havina kwa kiwango hicho: kwa kuwa ni chembamba na hakihifadhi joto, usiku wa anga safi hulitoa joto lake haraka kuelekea juu na kupoa hata kuipita hewa inayokizunguka. Mvuke ukigusa paa hilo la baridi hugeuka matone, sawa na chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji inavyotoka jasho. Matone yakikusanyika hudondoka. Mwenye stoo asubuhi anakuta katoni za juu zimelowa, anapanda kutafuta tundu kwenye paa, haoni, anapaka lami juu hata hivyo, na mwezi ujao maboksi yanalowa tena. Mabaharia na mawakala wa shehena wanaijua mvua hii ya ndani miaka mingi. Nchi kavu bado inahesabiwa kuwa kuvuja.

Lakini hewa yenyewe haitoshi kueleza uharibifu. Piga hesabu: hewa ya kontena la futi 20, yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, ikipoa hadi nyuzi 22, inaachia gramu 160 hivi za maji, zisizojaza glasi. Maji mengi yanatoka kwenye mali. Chukua tani 10 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 15. Ndani yake mna tani moja na nusu ya maji, hata kama ukiyashika mkononi yanaonekana makavu. Yakishuka hadi asilimia 14 tu, yameachia zaidi ya lita 100, na lita hizo hazina pa kwenda ila paani, ukutani, kisha kurudi kwenye magunia ya juu na ya pembeni. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kinataka mahindi yasizidi asilimia 13.5, na sababu yake ni ya kutisha. Kuvu linaloota kwenye nafaka yenye unyevu hutoa sumukuvu. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa baada ya kula mahindi yaliyochafuliwa kwa sumu hiyo, na uchunguzi uliihusisha na mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu majumbani. Makontena hayakuhusika pale. Kilichohusika ni nafaka mbichi ndani ya nafasi isiyoikausha, na kontena lililofungwa ni nafasi ya namna hiyohiyo, kubwa zaidi, yenye paa linalorudisha maji. Nafaka nimeichukua kwa kuwa hesabu yake inajulikana, lakini plaiwudi mpya, mbao ambazo hazijakauka, katoni, pamba ya magodoro, mafaili ya ofisi na paleti za mti mbichi zote hubeba maji kwa njia hiyo. Saruji yenyewe haina maji ya kutoa, ila inayanywa: mfuko ulioegemezwa ukutani huganda upande mmoja kabla fundi hajaufungua.

Hapa mtu mwenye kufuatilia kilimo atauliza swali zuri. Kama kubana ni kubaya, mbona wataalamu wanawashauri wakulima watumie mifuko isiyopitisha hewa, ile ya tabaka mbili za plastiki ndani ya kiroba? Jibu ni kwamba mfuko ule unabana kweli. Wadudu waliomo wanamaliza oksijeni na kufa, na hewa mpya haiingii. Na mkulima anaelekezwa kukausha kwanza, ndipo afunge. Kontena halitimizi sharti hata moja. Mipira ya milango yake, baada ya miaka kumi baharini, imekakamaa na kupasuka, kwa hiyo oksijeni inaingia ya kutosha kuvu na wadudu kuishi, ila upepo hauingii wa kutosha kuondoa mvuke. Limebana nusu, na nusu hiyo ina ubaya wa pande zote mbili. Vitundu vidogo vilivyotobolewa juu ya kuta zake tangu kiwandani vipo ili mgandamizo wa hewa ulingane ndani na nje. Haviwezi kupuliza stoo.

Pingamizi zito zaidi linatoka mtaani. Makontena yamejaa kila mji wetu yakiwa maduka ya vipuri, saluni, mabucha, vibanda vya kutuma pesa, na wenyewe hawalalamiki mvua ya ndani. Kule Bishkek, Kirgizistani, soko la Dordoi limejengwa kwa maelfu ya makontena yaliyopangwa mawili mawili, la chini duka na la juu stoo, na limeendeshwa hivyo kwa miongo mingi. Je, haya yote hayatoshi kuwa ushahidi? Ni ushahidi, lakini wa jambo jingine. Duka hufunguliwa asubuhi na kufungwa usiku. Milango yake miwili ikiwa wazi saa kumi na mbili kwa siku, mvuke wote wa usiku unatoka, na bidhaa inayouzwa haikai miezi mahali pamoja. Mwenye duka ananunua upepo bila kujua, kwa kufanya biashara tu. Stoo ya Dordoi nayo iko katika nchi iliyo mbali na bahari, yenye hewa kavu. Anayeiga kontena la jirani anapaswa kuiga na ratiba ya jirani. Akilifunga wiki tatu mfululizo, ana chombo kingine kabisa, ijapokuwa rangi na nambari ni zilezile.

Mahali nako kuna kauli yake. Pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, hewa ni nzito kwa unyevu karibu mwaka mzima, lakini tofauti ya joto la mchana na usiku si kubwa. Tatizo kuu hapo ni kutu na ukungu wa polepole, pamoja na chumvi ya upepo wa bahari inayokula kila palipokwaruzwa rangi. Nyanda za juu kama Njombe au Mbeya, usiku wa Juni na Julai ni baridi kali na mchana jua hupiga, kwa hiyo paa linatoka jasho hata pale hewa ya nje inapoonekana ya kawaida. Dodoma ni kavu sehemu kubwa ya mwaka na kontena hukaa humo kwa amani kuliko sehemu nyingi, ila joto la mchana ndani yake linaweza kudhuru dawa za mifugo, rangi, gundi na betri. Mwenye duka la dawa asomaye maelezo ya kuhifadhi chini ya nyuzi 30 hawezi kuyatii ndani ya sanduku la chuma lisilo na kivuli, popote alipo katika ukanda huu.

Tiba yenye nguvu kuliko zote ni paa la pili, na ni jambo la kushangaza kidogo kwamba ni la mwisho kufikiriwa. Mabati ya kawaida juu ya kenchi nyepesi, yakiacha nafasi ya sentimita 30 au zaidi ambamo upepo unapita, hufanya kazi mbili kwa pamoja: mchana yanapokea jua badala ya kontena, na usiku yanalifunika lisitazamane na anga, hivyo chuma cha chini hakipoi kupita kiasi. Yanazuia mvua isituame juu ya paa bapa na kulila. Rangi nyeupe juu ya kontena husaidia, lakini ni msaidizi, kwa kuwa inashughulikia joto la mchana peke yake. Baada ya paa ndipo yafuate matundu ya hewa, ya chini upande mmoja na ya juu upande wa pili, ili hewa ya moto ipande itoke na nyingine iingie. Yasiwe ya kupendeza macho. Yawe makubwa, yafunikwe kwa vipande vya chuma vilivyolala kimshazari dhidi ya mvua na wavu mgumu dhidi ya panya. Ndani, mali ikae juu ya paleti, iachane na ukuta kwa upana wa kiganja, na isipangwe hadi ikagusa dari. Vifuko vya kunyonya unyevu vinavyotumika kwenye shehena vinafaa pia kwa mali ghali kama vile mashine na nyaraka, mradi vibadilishwe vikishiba, jambo ambalo stoo isiyofunguliwa hailiruhusu.

Kuna anayesema kutoboa matundu ni kumkaribisha mwizi aliyefukuzwa kwa gharama kubwa. Tundu la sentimita 30 kwa 30 lenye nondo zilizochomelewa kwa ndani halipitishi mtu, na anayeweza kulikata angeweza kukata ukuta wenyewe uliokuwa mwembamba zaidi ya nondo hizo. Kuna pia anayesema, kwa haki zaidi, kwamba pwani hewa ya nje nayo imejaa unyevu, kwa hiyo kuiingiza ni kuongeza tatizo. Hapa jibu ni la kipimo. Kupitisha hewa pwani hakukaushi mali hadi kuwa kavu kuliko hewa ya nje. Hilo halitawezekana bila umeme. Kunachofanya ni kulinganisha joto la ndani na la nje na kuondoa mvuke ambao mali yenyewe inautoa, hadi matone yasipate sababu ya kuanguka. Nguo za sufu na kamera bado zitaota ukungu Tanga hata kontena likiwa na matundu kumi. Vitu hivyo visiwekwe humo, basi.

Matundu yana sababu nyingine, na hii haihusu mali. Mtungi mdogo wa gesi ya kupikia unaouzwa Tanzania na Kenya una kilo 6. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hulala sakafuni, na inahitaji kufikia asilimia mbili hivi tu ya hewa ili iweze kulipuka. Katika mita za ujazo 33, asilimia mbili ni kilo moja na nusu au chini yake: robo ya mtungi mmoja. Mvuke wa petroli huhitaji asilimia ndogo hata kuliko hiyo. Nyumba ya matofali ikilipuka, madirisha na paa huachia nguvu mapema. Kontena huishikilia mpaka milango yake, yenye uzito mkubwa, inapong'oka. Mwaka 2011, jimboni British Columbia, Kanada, zimamoto mmoja aliuawa wakati kontena lililokuwa na mafuta ndani lilipolipuka katika moto, na baadaye jimbo likaanza kuhimiza matundu ya hewa kwenye makontena yote ya kuhifadhia. Karakana zetu huweka petroli ya jenereta, tina za thina na mitungi ya kuchomelea kwenye kontena moja, kwa sababu ndivyo vitu vinavyoibiwa. Ndipo hoja ya mwizi inapomgeuka mwenyewe: kilicho hatari zaidi kinafungiwa mahali pabaya zaidi. Mitungi ikae kwenye kizimba cha wavu nje, chini ya kivuli, na kizimba kifungwe kufuli. Ikumbukwe vilevile kwamba milango ya kontena hufungwa kwa nje peke yake. Mfanyakazi akifungiwa na mwenzake kwa bahati mbaya hana komeo la kushika kwa ndani, na mchana wa Februari hana muda mrefu. Sehemu ya kazi isiyofikiria hilo haijaweka stoo bado.

Umeme nao ni jambo fupi lenye uzito. Sanduku lote ni chuma, kwa hiyo waya mmoja uliochubuka unalifanya sanduku lote kuwa na umeme. Waya wa ethi uliofungwa kwenye chuma chenyewe na kifaa cha kukata umeme unapovuja si mapambo. Waya wa kuazima kutoka dirishani kwa jirani, uliopitishwa kwenye mpira wa mlango, uhesabiwe kuwa haramu.

Kuhusu chini ya kontena, wengi hudhani limekaa kwa sakafu. Limekaa kwa kona nne, kwani vyuma vya kona vimeshuka kidogo chini ya boriti za sakafu. Kontena tupu la futi 20 lina tani mbili na zaidi kidogo. Ukiweka mali ya tani 6, kila kona inabeba tani 2 hivi juu ya eneo lisilozidi kiganja cha mtu mzima mara mbili. Ardhi laini ya mfinyanzi inaweza kubeba kama tani 10 kwa mita ya mraba, kwa hiyo kila kona inahitaji jiwe la zege la angalau sentimita 45 kwa 45, na ukitarajia kulijaza hadi uzito wa safari, tuseme tani 24 kwa jumla, hitaji linakwenda karibu na sentimita 80. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, unaovimba masika na kupasuka kiangazi, hata hilo halitoshi bila kuchimba na kujaza kokoto. Anayelitua juu ya matofali manne hatalaumu msingi. Ataona mlango umegoma, kwa sababu kona moja ikizama sentimita chache fremu inapinda na fito hazikai tena mahali pake. Atamwita mchomeleaji akate mlango. Bora linyanyuliwe sentimita 20 hadi 30 kutoka ardhini, upepo upite chini, na mtu aweze kuinama kuangalia vijia vya mchwa. Mabondeni, mfano bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam, kuna jambo jingine: kontena tupu lisilovuja huanza kuelea maji yakipanda sentimita 16 tu juu ya usawa wa sakafu, na tani mbili za chuma zikielea hazichagui ukuta wa nani.

Ununuzi sitaurefusha. Kibao cha chuma kilichopigwa mlangoni, kinachotakiwa na Mkataba wa Kimataifa wa Usalama wa Makontena wa 1972, kinaonyesha mwaka wa kuundwa na uzito wa juu, na mara nyingi dawa iliyotiwa kwenye mbao za sakafu. Mbao hizo hutiwa sumu ya wadudu, hivyo chakula kisilale sakafuni hata siku moja. Ingia, mwambie mtu akufungie kwa dakika moja, tazama juu: nuru inapopenya ndipo maji yatakapopenya. Nusa sakafu. Kontena lililobeba kemikali hunuka miaka, na harufu hiyo huhamia kwenye mchele. Dai hati za forodha, maana kontena linaloingia na shehena huhesabiwa kuwa chombo cha kupita, na linalobaki nchini kwa kuuzwa linapaswa kuwa limeombewa kubaki.

Mtu aliyesoma hadi hapa anaweza kuniuliza kwa nini asijenge stoo ya tofali tu. Ukiongeza msingi, paa la pili, matundu na kizimba, bei inakaribia chumba cha matofali kilicho baridi zaidi. Kwa mwenye kiwanja chake, chenye hati, asiye na mpango wa kuhama, nadhani hoja hiyo inashinda. Kontena linashinda mahali pawili. Pa kwanza ni mradi wenye mwisho, kama ujenzi wa shule au barabara, ambapo stoo inafuata kazi. Pa pili ni kiwanja cha kupanga, ambapo kila tofali unaloliweka unamwachia mwenye ardhi. Lakini ushindi huo unadumu iwapo kontena limeendelea kuweza kubebwa. Anayemimina zege hadi kuzifunika kona, anayechomelea baraza la chuma likaunganisha makontena mawili, au anayekata ukuta wa ubavuni kuweka dirisha pana bila kurudishia fremu, amelipia uhamaji na kuutupa. Ukuta ule wa mawimbi ni sehemu ya nguvu ya sanduku. Ukiondolewa bila fremu, siku ya winchi linajikunja katikati. Paa la pili lifungwe kwa bolti.

Wapo pia wanaoamini kwamba kwa kuwa kontena linahamishika, halihitaji kibali. Sheria haiwasaidii. Nchini Kenya, Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inaita uendelezaji kazi yoyote inayofanywa juu ya ardhi na badiliko lolote kubwa la matumizi yake, bila kuuliza kama kuna msingi. Tanzania nayo inapima matumizi chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007, na Sheria ya Barabara ya mwaka huohuo ilitanua hifadhi ya barabara kuu hadi mita 30 kila upande wa katikati ya barabara. Makontena mengi yaliyopigwa alama ya X ya kuondolewa yalikuwa ndani ya mita hizo, na wenyewe walijitetea kwamba ni ya muda. Hoja hiyo inamrahisishia afisa kazi: cha muda ndicho cha kwanza kuondolewa, na hakidai fidia. Kwa hiyo ofisi ya mipango ya halmashauri au ya kaunti ni ya kuipitia kabla ya lori kuja, na mkataba wa pango useme kwa maandishi kwamba kontena, paa lake na mawe yake ya kona ni mali ya mpangaji.

Mkataba huo useme na jambo moja zaidi, ambalo hukumbukwa siku ya kuondoka. Lori lenye winchi lilipoingia, kiwanja cha jirani kilikuwa wazi, na waya wa umeme ulikuwa upande wa pili wa njia. Miaka minne baadaye pana ukuta, pana mwarobaini, pana nguzo. Kontena la futi 40 halipiti kichochoroni kwa kusukumwa, na winchi kubwa ya kulinyanyua kupita juu ya paa la nyumba inaweza kudai kodi inayokaribia bei ya kontena lenyewe. Njia ya kutokea ichorwe kwenye ramani ya kiwanja kwa upana wa lori na urefu wa mkono wa winchi, na mwenye ardhi aitie sahihi.